Kila Mwandishi Mstari Wake

Redio hakuwa na redio. Jina hilo alipewa kazini kwa ajili ya mdomo wake, ambao ukiwashwa asubuhi haukuzimika mpaka watu wafunge mabegi. Alikuwa mama wa makamo, binti yake wa pekee ameolewa mbali, na nyumba aliyopanga ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na mtu mmoja wa kulala. Maneno yaliyokosa msikilizaji nyumbani aliyabeba yote akaja nayo ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha marejeo, katika kampuni inayochapisha vitabu vya wasomi. Marejeo ni ile orodha ya nyuma ya kitabu ambayo mimi na wewe huwa tunairuka: mwandishi fulani, mwaka fulani, kitabu fulani, kimechapwa wapi na nani. Taabu yake ni kwamba kila msomi ana mtindo wake. Huyu anatanguliza mwaka, yule anauficha mwishoni kama mtu anayeficha umri. Kazi ya chumba kile ilikuwa kuzipanga orodha zote kwa muundo mmoja na kuziingiza kwenye kompyuta.

Walikuwa watatu. Binamu alisoma kwa sauti. Huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye kipaji cha kugundua undugu na mtu yeyote, hata mkaguzi wa zimamoto alipokuja aliondoka akiwa shemeji. Redio alichapa. Mama Pacha alihakiki, kidole kikitembea juu ya karatasi. Ungedhani ni kazi ya kusinzia. Thubutu! Chumba kile kilikuwa kijiwe. Ukiwasoma wasomi miaka nenda miaka rudi, mwisho unawajua kuliko majirani zako.

"Ngoja kwanza," Mama Pacha angesema. "Huyu bibi wa mambo ya udongo, mbona jina limerefuka?"

"Kaolewa," Redio angejibu bila kuacha kuchapa. "Na bwana mwenyewe ni yule wa mbolea. Si unaona kitabu hiki wameandika pamoja?"

"Udongo na mbolea! Hao watoto wataota hata wasipopandwa."

"Msimcheke shemeji yenu," angesema Binamu. "Yule wa mbolea ni binamu yangu."

Na siku walipofikia kitabu ambacho yule bibi kakiandika peke yake, kwa jina lake la zamani, hata kibodi ilinyamaza. "Masikini, wameachana," alisema Mama Pacha, na chai ya siku hiyo ikapoa mezani.

Ndipo ikaja programu. Haikuwa na picha wala mapambo, ni dirisha jeusi tu. Unaiandikia amri ya mstari mmoja: jina la programu, faili inayotoka, muundo unaoutaka, faili inayokwenda. Unabonyeza enta. Orodha ambayo watu watatu waliihangaikia kutwa nzima, yenyewe inaimaliza kabla hujainuka kitini. Redio ndiye aliyepelekwa kujifunza, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alirudi na furaha ya mtoto mwenye viatu vipya, akawaita wenzake wasimame nyuma yake.

"Tazameni. Pah! Imekwisha!"

Wakampigia makofi. Hakuna aliyejua anapigia makofi nini.

Haukupita muda, Mama Pacha akahamishiwa mauzo, kwenye tawi la upande wa pili wa mji. Binamu akaomba astaafu mapema, akarudi kwao. Redio akabaki na chumba.

Alijitahidi, msimwone mvivu. Alishuka kuchota maji ya kunywa hata asipokuwa na kiu, ili tu apite kwa watu wa vifurushi, wanaofunga vitabu vya kusafirishwa. Simu ikikosewa ikaingia kwake, hakuikata. "Hapana, siye. Lakini huyo unayemtafuta ni nani yako?" Fundi wa umeme alipokuja kubadilisha taa alipewa historia ya kila meza, mpaka akasahau bisibisi yake juu ya kabati na hakurudi kuichukua.

Sasa, wiki moja, Mhariri Mkuu akaingia na kazi kubwa. Huyu alikuwa kijana mpole lakini mwenye haraka, mtu wa kuzungumza akiwa mguu mmoja mlangoni. Kampuni ilikuwa inaungana na wachapishaji wengine kwenye hifadhi moja ya pamoja, na marejeo yote yaliyowahi kuchapwa katika chumba kile yalitakiwa kuhamishwa kutoka muundo wa zamani kwenda muundo mpya.

"Kwako hiyo ni kama kupepesa macho, Mama," alisema, akaondoka.

Redio akaandika amri, akabonyeza enta. Dirisha likajaa maonyo. Onyo: jina la mwandishi ni refu mno. Onyo: jina la mwandishi ni refu mno. Yakashuka moja baada ya jingine, na yeye akayajibu kama ilivyo desturi yake. "Haya, nimesikia. Eh, na wewe pia? Pole, baba."

Alipoifungua faili mpya aliliona kosa, na lilikuwa lao wenyewe. Programu ilitaka kila mwandishi akae kwenye mstari wake. Wao, kitabu kikiwa na waandishi watano, waliwabana wote kwenye mstari mmoja na kuweka nukta-mkato katikati yao. Binamu ndiye aliyeanzisha mtindo huo, maana aliwasoma wote kwa pumzi moja. "Wamekuja pamoja, waingie pamoja," alikuwa akisema. Kwa hiyo programu iliwahesabu watu watano kuwa mtu mmoja mwenye jina la kuzunguka mtaa. Udongo na Mbolea, waliokwisha kugawana vyombo, ilikuwa imewafanya mwili mmoja.

Redio akaangua kicheko. Akageuka amweleze mtu. Kicheko kikamfia mdomoni.

Mhariri alipopita akaonyeshwa, akashika kichwa. "Rekodi zote za miaka hiyo? Kwa hiyo turudie kwa mkono?" Akawaza. "Basi. Wewe tazama kwanza kama programu yenyewe inaweza kuwatenganisha. Ikishindikana, niambie mchana, niwaite wenzako. Yule mama wa mauzo tutamwazima kwa miezi kadhaa, na yule mzee tutampa mkataba. Si mlikuwa mnasoma kwa sauti? Mtasoma tena."

Hakujua alichokisema. Mlango ulipofungwa Redio alikuwa amesimama, mikono kifuani. Alishamwona Binamu pale dirishani akisafisha koo. Alishamsikia Mama Pacha akisema ngoja kwanza.

Lakini kazi aliagizwa atazame, akatazama. Akafungua maelezo ya programu, akasoma taratibu. Na jibu lilikuwamo. Unaweza kuiambia mapema alama ya kukatia majina. Ni nyongeza fupi tu, fupi kuliko jina lake la utani, unaitia mwishoni mwa amri. Akaijaribu kwenye kipande cha faili. Majina yakashuka, kila mtu mstari wake. Udongo juu, Mbolea chini yake.

Akaifuta ile nyongeza. Akabonyeza tena bila nyongeza, na maonyo yakarudi. Hapo akakaa, akiyatazama. Mhariri asingesoma maelezo yale hata kwa kulipwa. Neno moja tu, "imeshindikana," na kesho chumba kingejaa.

Sasa, Redio ni Redio. Habari ikimwingia lazima itoke. Akampigia Mama Pacha.

"Shoga!" Mama Pacha alipokea akipiga kelele, kwa sababu nyuma yake watu walikuwa wanacheka cheko la kuvunja mbavu. "Subiri nitoke, hapa kuna wendawazimu."

Redio akasubiri. Hata mlango wa kule ulikuwa na sauti ya watu. Kisha akamwaga yote: maonyo, miezi kadhaa, Binamu kwa mkataba, nyongeza aliyoifuta.

Sauti ya Mama Pacha ikabadilika.

"Nani kamwambia aniite mimi?"

"Mwenyewe tu! Mimi wala sikutia neno."

"Redio, dada yangu, usinifanyie hivyo. Nimepewa kundi langu la kusimamia, hata mwezi haujaisha. Nikitolewa hapa miezi kadhaa, nikirudi nitakuta kiti kina mtu."

"Kwani hukumbuki tulivyokuwa tunacheka?"

"Nakumbuka sana. Tulicheka kwa sababu kazi ilikuwa inatuua, mwenzangu. Nilikuwa nikifika nyumbani macho yanatoa machozi, pacha wananiuliza mama nani kakupiga." Akashusha sauti. "Hicho kitu kinafanya kazi au hakifanyi?"

Redio alizungusha waya wa kibodi kwenye kidole.

"Kinafanya."

"Basi mwambie kinafanya. Nakuomba kwa jina la pacha."

"Haya. Lakini njoo basi hata Jumamosi, upike mimi nioshe vyombo."

"Jumamosi hii hapana, nina wageni. Nitakupigia."

Mtu akaita kwa mbali, "Kamanda! Kamanda, unangojwa!" Redio alidhani ni mwingine anaitwa. "Nakuja, jamani!" alijibu Mama Pacha, na simu ikakatika.

Kamanda. Jina lile lilikuwa zuri, lilimkaa. Redio hakuwepo lilipotolewa.

Mhariri alikuja mchana kama alivyosema, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Enhe, Mama? Niandike barua ya kuwaita?"

"Usiandike. Inarekebishika. Leo leo inaisha."

"Wacha wewe!" Uso ukamng'aa. "Nilijua tu. Sasa, unahitaji chochote? Sema, usione haya."

"Nihamishie chini," alisema Redio. "Kwa wale wa vifurushi. Meza yangu itatosha pale karibu na mizani."

"Kule? Kule kuna kelele, Mama, watu wanabishana kutwa nzima. Utafikiri saa ngapi?"

"Hizo kelele ndizo ninazoziomba. Hapa nakufa kwa ukimya, mwanangu."

Mhariri akacheka. Akacheka kwa roho safi kabisa, akijipiga paja. "Redio bwana! Hukosi la kusema." Na kwa kuwa mzaha ukishapokelewa ni vigumu kuudai urudi, Redio naye akacheka, akamsindikiza kwa kicheko mpaka mlangoni. Akafika hadi kwenye ngazi. "Ninasema kweli, lakini," aliongeza, ila kijana alikuwa ameshashika simu sikioni, ameshafika chini, akampungia mkono bila kugeuka.

Akarudi, akaketi, akaiandika amri yote kwa ukamilifu: faili inayotoka, muundo, faili inayokwenda, na ile nyongeza mwishoni. Akabonyeza enta, akasogeza kiti karibu.

Programu ile ni ya kipekee. Ukikosea inasema, ukipatia haisemi kitu, hata ahsante. Hakuna onyo lililoshuka. Mstari mtupu ukajitokeza, na kialama kidogo kikawa kinawaka na kuzima, kikingoja amri nyingine.

"Haya," Redio alikiambia. "Sasa na wewe umenyamaza."