Mfagio Mmoja na Nusu Kutoka Sakafuni

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mfagizi wa shule alikuwa amesimama nje ya mlango wa stoo akimngoja bwana stoo aje na funguo. Alikuwa amengoja hivyo kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu mfanyakazi wa majaribio haruhusiwi kushika funguo, na yeye alikuwa bado kwenye majaribio. Mara tatu kwa mwaka, muhula ukifungwa anatia sahihi fomu ya kuacha kazi, muhula ukifunguliwa anatia sahihi fomu ya kuanza. Siku hiyo ya kwanza bwana stoo humtembeza, maana kanuni ndivyo inavyotaka, akamwonyesha bomba lilipo, ndoo zinakokaa na madirisha ya kufuta. Bwana stoo mwenyewe alionyeshwa bomba hilo na mfagizi huyohuyo mwaka alioingia kazini, akapewa barua ya ajira ya kudumu baada ya miezi mitatu.

Zamani walikuwa wakilicheka jambo hilo pamoja. Muhula huu hawakucheka. Kulikuwa na kanuni nyingine, ya chini kabisa ya ukurasa, iliyosema mfanyakazi mpya asiwe ametimiza miaka hamsini, na mfagizi alikuwa anaitimiza katikati ya likizo. Akitia sahihi fomu ya kufunga, safari hii fomu ya kufungua haitakuwepo. Alikwenda kumuuliza karani wa shule, na karani akamwambia, "Kanuni ni kanuni, dada yangu," akampa pole ya kutoka moyoni kabisa.

Sasa, mfagizi huyo alikuwa na binti kidato cha tatu, shule hiyohiyo, na watu walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipoanza kusema hakuwahi kunyamaza. Muhula ulipokaribia kwisha ukafika wakati wa mdahalo. Wanafunzi huandika mada kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya kopo la biskuti, mwalimu wa hesabu akaokota kimoja. Kiliokotwa hiki: "Mfanyakazi asiwekwe kwenye majaribio zaidi ya mwaka mmoja." Kati ya vikaratasi ishirini na viwili vilivyokuwemo, kumi na vinne vilikuwa na mada hiyo kwa mwandiko wa Chiriku. Mwalimu wa hesabu alivihesabu vyote, akasema kihesabu hakuona tatizo.

Katika mji huo, kama katika miji mingi, mtu akishawishika huinuka kutoka chini. Akishawishika kidogo, unaweza kupitisha karatasi chini ya kisigino chake. Akishawishika sana, paka anapita. Akisahau, anashuka. Ndiyo maana midahalo ya shule haikuwa na kura: mwalimu wa hesabu alipita na rula ya mbao akipima nyayo. Rekodi ilikuwa sentimita arobaini na moja, ya kijana mmoja ambaye sasa ni mbunge na hajamwinua mtu tangu achaguliwe.

Chiriku aliandika andiko lake la msimamo mezani kwao, meza ileile ya kulia na kukatia mboga. Sharti lilikuwa karatasi moja, pande mbili, likabidhiwe siku mbili kabla. Baba yake, fundi baiskeli, alijitolea kulisikiliza, lakini huyo hakufaa hata kidogo. Alikuwa mwepesi mno. Hata tangazo la sabuni redioni lilimtoa kitini, na Chiriku alipomsomea kichwa cha andiko tu, aligonga dari. Basi akamsomea mama yake.

Andiko la kwanza lilikuwa na vifungu vya sheria. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, nyayo zake zimetulia sakafuni.

"Umeinuka, mama?"

"Sijainuka, mwanangu. Lakini umesoma vizuri."

Chiriku akalisukuma kando, akaandika la pili, lenye machozi mengi na alama za mshangao. Mama ng'o. La tatu aliliandika baada ya kumfuata mama yake kazini siku nzima akiwa na daftari, akihesabu kila alichokifanya. Alipolisoma, mama alijifuta macho kwa pindo la kanga, akaomba radhi, akaonyesha miguu yake. Ilikuwa pale pale. Chiriku akajilaza juu ya meza akalia, maana siku iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kukabidhi.

Bibi yake, mama mzaa baba, alikuwa kitandani kwake akikunja nguo. Ni lazima isemwe hapa kwamba bibi huyu hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisema, tena bila kupunguza sauti, kwamba mtu hawekwi kwenye majaribio muda wote huo bure, lazima kuna kona asikofagia vizuri. Mkwewe alikuwa akiyasikia maneno hayo kila akirudi kazini, akayameza pamoja na chai.

"Kwani unamsomea nani?" bibi aliuliza.

"Mama."

"Ndiyo kosa lako. Huyo ameijua habari hii kabla wewe hujazaliwa. Utamshawishi nini? Njoo unisomee mimi nisiyejua."

Chiriku akafuta kamasi, akaanza na la kwanza. Bibi akasema hayo ni maneno ya gazetini, na gazeti yeye hulifungia viatu. Alipofika nusu ya la pili, bibi akamkatiza: "Unasema au unalia? Chagua moja." Hata hivyo mguu wake wa kushoto ulikuwa umeinuka kidogo. Akasoma la tatu. Halikuwa na neno kubwa hata moja. Lilisema shule ina vioo mia mbili na vinne, na mfanyakazi mmoja anavijua kimoja kimoja, pamoja na kile chenye ufa kinachotaka kufutwa kwa kwenda chini tu. Lilisema mfanyakazi huyo ameonyeshwa bomba lilelile mara hamsini na saba. Na mwishoni liliuliza: "Baada ya mara hamsini na saba, je, shule bado haijajua kama anaweza kufagia?"

Bibi alikuwa juu ya kitanda chake, shubiri mbili kutoka kwenye godoro, na nguo aliyokuwa akiikunja imening'inia mkononi.

"Mkwe wangu," alisema kutoka huko juu, "nimekukosea miaka mingi. Nisamehe."

Mfagizi alikwenda akamshika mkono. "Shuka, mama," akasema, "utapata kizunguzungu." Usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa muda mrefu.

Mdahalo ulifanyika siku ya kufunga, saa nane mchana. Ukumbi ulijaa: wanafunzi, walimu, mwalimu mkuu kwenye kiti chenye mto, karani na mafaili yake ya mwisho wa muhula. Mfagizi alisimama nyuma, karibu na mlango, na mfagio wake, kwa sababu watu wakitoka ndipo anapoingia. Upinzani ulitangulia. Kijana mmoja mtanashati alisema majaribio hujenga nidhamu, na mtu asiye na uhakika wa kesho hufanya kazi kwa bidii leo. Alisema vizuri, tusimnyime haki yake. Rula ikapita: sentimita kumi na tisa, na mwalimu mkuu ishirini na tatu. Wakangojwa washuke.

Kisha Chiriku akapanda jukwaani. Mara ya kwanza maishani mwake hakusema haraka. Alisoma kama alivyomsomea bibi, kioo baada ya kioo. Kwenye kioo chenye ufa, safu za mbele zilianza kuinuka. Kwenye bomba, bwana stoo alipanda moja kwa moja, uso ameufunika kwa viganja. Aliposoma swali la mwisho, hapakuwa na kiatu hata kimoja sakafuni. Yule kijana wa upinzani alikuwa juu pamoja na wenzake, andiko lake mfukoni. Mwalimu wa hesabu naye alikuwa juu, na rula yake, na hakufikia kitu.

"Mama Chiriku," aliita, "wewe ndiye uliyebaki chini. Hebu tupimie."

Rula alidondoshewa, lakini ilikuwa fupi. Mfagizi akatumia mfagio. Aliusimamisha, akaweka alama kwa kidole, akapanda kitini akamalizia. "Mfagio mmoja na nusu," alisema. Mwalimu wa hesabu alipiga hesabu kichwani akatangaza mita mbili na robo, na huko juu wakapiga makofi, wakigonganagongana viwiko.

Kifua cha mfagizi kilijaa mpaka vifungo vikakaza. Alimtazama binti yake, ambaye naye hakuwa ameinuka, msemaji haanzi kujishawishi saa hiyo, na wakawa wawili tu chini katika ukumbi mzima. Halafu akaona sakafu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuiona yote kwa mara moja, kila siku kulikuwa na mtu wa kumwomba asogee. Akaanza kufagia kutoka ukutani. Chiriku akashuka jukwaani, akachukua kizoleo, akamfuata nyuma.

"Umetugusa sana," mwalimu mkuu alisema kutoka karibu na taa, macho yamemlowa. "Sana. Hapo chini ya kiti changu kuna vumbi."

Mfagizi akapafagia. Alipofika usawa wa karani, karani aliinama, akamteremshia karatasi na kalamu.

"Dada yangu, tuko pamoja na wewe mia kwa mia," karani alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli, na miguu yake ilikuwa ushahidi. "Ila leo ndiyo siku ya kufunga, nisije nikasahau. Sahihi ni pale chini, kama siku zote."

Mfagizi aliisoma fomu. Haikuwa imebadilika hata nukta. Chiriku alisimama na kizoleo chake, na kwa mara ya pili siku hiyo hakuwa na haraka ya kusema. Mama yake akamwomba ageuke, akaitandaza karatasi mgongoni pake. Kabla ya kuandika, aliinua uso akamtazama karani.

"Hapo ulipo ni juu kiasi gani?"

"Mita mbili na robo, dada. Hapajawahi kufikiwa."

"Aliyekupandisha ni mwanangu," mfagizi alisema, akatia sahihi.