Ukisahau, Kaa Chini

Tangu Jumamosi ile ya kwanza, karani wa shule hakuwa mtu wa kushikika. Alikuwa na miaka hamsini na nne, magoti yaliyolia kila akiinuka na kiuno kilichokakamaa kwenye kiti cha ofisi, lakini aliporudi kutoka darasa la yoga alizipanda ngazi za nyumbani mbili mbili, akafika mlangoni anahema na kucheka. Mumewe, fundi saa, alimfuata polepole, mkono kiunoni, kama mtu aliyeshinda akipakua magunia.

"Umeona?" karani alimwuliza. "Nimegusa vidole vya miguu!"

"Vya nani?"

Yeye ndiye aliyemburuta mumewe kule. Darasa la pamoja lilifanyika ghorofani, juu ya duka la rangi. Watu ishirini walitandika mikeka ya mpira, na Mwalimu, mama mfupi mwenye mvi na sauti ya kumwamsha aliyezimia, akahesabu. Moja, vuta pumzi, mikono juu. Mbili, toa pumzi, inama. Wote waliinama pamoja, wote wakainuka pamoja, na aliyepotea alimchungulia jirani kwa jicho la pembe, akaendelea kama hakuna lililotokea. Karani alilipenda darasa lile. Lakini kilichomkosesha usingizi ni kile alichokiona asubuhi moja katikati ya wiki, alipopita kuchukua taulo alilosahau.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani kulikuwa na watu kumi, kila mtu na lake. Mmoja amesimama kwa kichwa, mwingine ndiyo kwanza analisalimu jua, mikono juu kisha kuinama, wa tatu kajikunja hata hujui mguu uko wapi. Hakuna aliyehesabu. Kilichosikika ni pumzi tu. Mwalimu alitembea pekupeku kati yao, akimsogeza huyu bega, akimwongezea yule mkao mmoja mpya, basi, hazidishi. Ndivyo walivyofundishwa watu wa zamani, alimweleza baadaye: unapewa kidogo, ukikishika unaongezewa.

"Zimebaki nafasi mbili," Mwalimu alisema. "Sharti ni moja. Unafanya mwenyewe tangu mwanzo, kwa pumzi yako, bila kumtazama mtu. Ukisahau, kaa chini. Ulipoishia ndipo penye yoga yako ya leo."

Karani aliitaka nafasi ile mpaka mikono ikamtoka jasho. Katika maisha yake alikuwa ametaka mambo mengi, lakini karibu yote aliyataka kwa ajili ya watu: watoto wafaulu, mume apone, mwalimu mkuu asiaibike. Hili alilitaka la kwake.

Kazini walimwita Kalenda. Mwalimu mkuu aliposimama kuongea na wazazi, Kalenda alikaa nyuma yake akimnong'oneza majina. Nyumbani ndiyo usiseme. Fundi saa, ambaye saa za watu wote zilikwenda sawa mikononi mwake, hakujua siku ya kuzaliwa ya mwanawe hata mmoja mpaka mkewe amnong'oneze, na kila asubuhi miwani yake ilisakwa nyumba nzima huku imekaa juu ya paji la uso wake. "Mama watoto!" angeita, na miwani ingepatikana.

Nafasi ya pili alimwombea yeye. Basi siku waliyojaribiwa wote wawili, Jumatano alfajiri, mikeka yao ilikuwa sambamba. Walisalimu jua, wakasimama, wakafanya mkao wa pembetatu, mambo yakawa mazuri. Halafu fundi saa akaganda. Miguu imetanuka, mikono imenyooka pembeni, anangoja. Mkewe hata hakufikiri.

"Pindua kifua," alinong'ona. "Mkono wa kushoto chini."

Mwalimu alikuja akachuchumaa, si mbele ya mume, bali mbele yake yeye.

"Pumzi yako iko wapi?"

Karani alijisikiliza. Kweli, alikuwa ameibana.

"Yeye amesahau mkao mmoja," Mwalimu alisema. "Wewe umesahau yote." Akaukunja mkeka wa karani, taratibu, akamkabidhi. "Jumatano ijayo, mara ya mwisho. Kuna watu wanazisubiri nafasi hizi."

Wiki ile alifanya mazoezi kila palipomtosha: koridoni, jikoni, hata stoo ya shule katikati ya maboksi ya chaki. Mwalimu wa zamu alifungua mlango akamkuta kainama, kichwa chini, sketi kaifunga kibwebwe.

"Kalenda, unatafuta nini?"

"Nimeshakipata!" alijibu, sauti ikitokea magotini.

Mumewe naye alijaribu, jioni, baada ya kufunga duka. Kila mara alifika kwenye pembetatu akasimama, akamtazama. "Halafu?"

"Fanya mwenyewe, baba."

"Aa, nitakumbuka huko huko. Kwani si utakuwepo?"

Alisema bila ubaya wowote, akaenda kuoga. Karani alibaki amekaa mkekani. Mazoea yana taabu. Kumwacha mume aaibike mbele za watu, mume mwema asiyewahi kumpandishia sauti, alikuonaje? Alikuona vibaya sana. Na bado, akiifikiria ile nafasi, moyo ulimruka.

Jumatano ikafika. Chumba kilikuwa bado na ubaridi, na harufu ya rangi ilipanda kutoka chini. Karani akavuta pumzi, akainua mikono. Salamu ya kwanza magoti yalilia, ya pili yakanyamaza, ya tano mwili ulikuwa umepata moto na pumzi ikivuma kooni mwake wazi kabisa. Akatanua miguu. Pembetatu, kulia, kushoto.

Pembeni, pumzi ya mumewe ikakatika.

Hakuhitaji kugeuka. Alimjua yule mtu. Alijua kwamba sasa hivi macho yake yanamtafuta. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kukohoa tu kungetosha. Hata kupindua kifua kwa madaha kidogo, amwoneshe, nani angejua?

Akapiga moyo konde. Akavuta pumzi yake, akapindua kifua chake, akaushusha mkono wake wa kushoto. Pumzi tano. Alipoinuka alisikia kishindo kidogo: fundi saa amekaa chini.

Karani akaendelea. Machozi yalimlengalenga na wakati huohuo alitaka kupiga kigelegele, maana mkao ulikuja ukifuatwa na mwenzake, na mwingine, bila mtu wa kumsubiri na bila mtu wa kumkumbusha. Alifika mwisho wa yote aliyofundishwa, akakaa. Mwalimu akaja, akamnyoosha miguu mbele, akamsukuma mgongo kwa kiganja.

"Huu ni mpya," alisema. "Kesho saa kumi na mbili, nikukute mkekani."

Alishuka ngazi karibu azikose. Fundi saa alikuwa anamngoja barabarani, mbele ya duka la rangi, ameshavaa viatu. Yeye alirudishwa darasa la pamoja la Jumamosi.

"Uliniona nimekwama?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Alitikisa kichwa, akatembea hatua chache, mkewe pembeni yake. Kisha akasimama.

"Nimekaa pale chini nikifikiri," alisema. "Siku za kuzaliwa za watoto. Dawa za marehemu mama. Majina ya wateja wangu." Akamgeukia. "Miaka thelathini na moja, mke wangu, nilidhani ni mimi ninayekumbuka."

Karani hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili papo hapo barabarani, mkeka kwapani, watu wakipita.