Mkono wa Pedeli Uliokatika
Mimi nikishaanza kubishana sijui kunyamaza, na shemeji yangu analijua hilo vizuri. Karakana yetu ni moja: yeye upande wa dirishani na nyundo na fuawe lake, mimi upande wa uani na tanuri langu na masanduku ya mchanga. Tunatengeneza vipuri vya baiskeli, hasa mikono ya pedeli, ule mkono unaobeba pedeli na kuzungusha mnyororo. Aluminiamu ni ile ile. Yeye huipasha moto akaifua kwa nyundo mpaka ikae umbo. Mimi huiyeyusha nikaimimina kwenye kalibu ya mchanga. Akimaliza mkono mmoja, mimi nina kumi na miwili, na chai nimeshakunywa.

"Ya kumimina haina mishipa, shemeji," alizoea kuniambia. "Siku moja itamwangusha mtu."

"Wivu tu huo!" nikamjibu. "Haya, tujaribu."

Tukakubaliana baiskeli ya dada yangu, ambaye ndiye mke wake, ifungwe mkono mmoja wake na mmoja wangu. Dada ni mkunga, kila siku hupanda kilima cha zahanati. Niipake yote miwili rangi nyeusi, niifunge mimi, na nijue mimi peke yangu upi uko upande gani. Nilipokuwa nafunga, shemeji aligeuka akatazama ukuta, kusudi nisije kusema aliupendelea wake. Maskini, aliniamini hivyo.

Sasa niseme linalonisuta. Nilikuwa na haraka, nikamimina wakati mchanga bado una unyevu. Mchanga wa hivyo hutoa mvuke, na mvuke huacha mapovu ndani. Nilipougonga ule mkono haukulia vizuri. Ulitoa mlio mzito, puu, kama gogo lililooza. Nilijua. Lakini nilishajigamba mtaa mzima, kwa hiyo nikaupaka rangi nikafunga.

Wiki ya tatu ukakatika kilimani. Dada aliangukia bega, mfupa ukavunjika. Wa kwanza kufika nilikuwa mimi, nikaokota vipande. Shemeji alikuja mbio, anahema, akauliza neno moja tu: "Wa nani?"

"Wako."

Haki ya Mungu, sikujua kama ningesema hivyo. Na likishatoka, limetoka. Siku ile ile nikaiyeyusha yote miwili, mzima na uliokatika, asije akaona mapovu.

Tangu hapo shemeji hakugusa nyundo. Wiki sita alimvisha dada nguo, akamchana nywele, na dada naye, mdomo kama wangu, hakumwacha: "Taratibu, fundi wa makopo, usinivunje na la pili." Nilicheka nao, meno nje, roho ikiniungua. Kila siku nilisema leo namwambia, na kila siku nikajitafutia kazi.

Juzi wakaja pamoja karakanani. Bega limepona, kesho yake dada anarudi kazini. Shemeji akaiegemeza baiskeli mbele ya tanuri langu, akasema huku anatazama chini, yeye aliyekuwa fundi mimi nikiwa bado nachezea udongo:

"Shemeji, nilikubishia bure. Mfungie ya kwako, yote miwili. Sitaki aanguke tena."

Nilichukua spana. Nikaiweka. Nikaichukua tena.

"Uliokatika ulikuwa wangu," nikasema. "Ulikuwa na mapovu, na nilijua kabla sijaufunga. Nilikusingizia, shemeji. Dada, nisamehe."

Nilingoja kofi. Dada wala hakunitazama, alimgeukia mumewe.

"Na wewe! Miaka yote hiyo unafua, huijui kazi yako? Mbona hukubisha hata siku moja? Nimekutukana wiki sita!"

"Ningebishaje?" alisema shemeji, taratibu kabisa. "Aliyeniambia ni mdogo wako."

Dada alifunika uso kwa kanga. Shemeji akashika usukani upande mmoja, dada akashika upande wa pili, wakatoka wakiisukuma ile baiskeli isiyo na pedeli mpaka kona ya mtaa. Nilisimama mlangoni nikiomba hata mmoja wao arudi anitukane.