Safu ya Mwisho ya Karatasi

Mkataji hakumwamini mkufunzi wa usalama tangu alipoziona buti zake. Zilikuwa safi kama zimetoka dirishani mwa duka, na tangu lini mtu anayezijua hatari za kiwandani akakosa hata tone la grisi miguuni? Isitoshe, miaka sita aliyokata maboksi hapa hakuna aliyewahi kuja kumfundisha kujilinda. Leo, siku tisa tu tangu mashine imkate mdogo wake vidole viwili, mafunzo yamefika, tena na soda za bure.

"Ukiona soda, jua kuna kitu unamezeshwa," mpakizi alimnong'oneza, ingawa yake ilikuwa imeshafika nusu.

Mkufunzi, kijana mwenye sauti ya upole, aliwasimamisha mbele ya mashine ya kukatia. Akaeleza kwamba ina vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono, ili kisu kisishuke mpaka mikono yote miwili iwe mbali nacho. Watu wakatazama sakafu. Kila mmoja alijua kwamba hapa kitufe cha kushoto hufungwa kwa mpira wa baiskeli, kikabaki kimebonyea, mkono upate nafasi ya kupanga maboksi. Msimamizi wao ndiye aliyewafundisha hivyo, na kwa pupa yake ya kazi walimbandika jina la Chapuchapu. Leo mipira yote ilikuwa imefunguliwa kabla hawajaingia. Mkataji aliona pete safi iliyoachwa na mpira kwenye chuma kilichojaa vumbi, akanyamaza.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Jumatatu mdogo wake angetoka wodini na kuitwa ofisini kujieleza, na kuwaudhi wakubwa sasa kungemponza. Wakimwona mzembe, kazi hana, na fundi mwenye mkono wa vidole vitatu nani atamchukua?

Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa, ikamfikia mwishoni. Juu iliandikwa: Nimefundishwa na nimeelewa. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu. Alipotia sahihi yake akaona safu moja zaidi chini, yenye jina la mdogo wake.

Chapuchapu akamwinamia begani. "Mtilie na mdogo wako, dada. Si damu moja nyinyi? Utaratibu tu huo."

Kalamu ikasimama. Mtu aliyelala wodini amefundishwa nini, na nani? Na tarehe isiyoandikwa inaweza kuwa yoyote, hata ya mwezi uliopita. Jumatatu wangesema alifundishwa akakaidi, na ushahidi ni mkono wa dada yake mwenyewe.

Akamgeukia mkufunzi, akiwa na hakika kwamba hao wawili lao moja. "Mwalimu, hapa juu utaandika tarehe gani?"

Kijana akaivuta karatasi. Alisema ameambiwa aiache, ofisi itaijaza. Kisha akaitazama safu ya mwisho, akauliza mwenye jina hili yuko wapi. Chapuchapu alianza kueleza habari za ruhusa.

Mpakizi akaweka chupa chini. "Yuko wodini. Kitufe kilikuwa kimefungwa mpira, na si yeye aliyetufundisha kukifunga."

Chapuchapu akasema mpira haupo, waangalie wenyewe. Mkataji hakubishana naye. Aliweka kidole kwenye ile pete safi, akakiacha hapo. Mkufunzi akapiga magoti na suruali yake iliyonyooshwa, akachungulia kwa muda mrefu. Alipoinuka aliandika tarehe ya leo kwa tarakimu na kwa maneno, akaipiga mstari safu ya mwisho na kuandika: Hakuwepo. Chini yake akaandika habari za mpira, akatia sahihi.

Mkataji akatoa simu ili aipige picha karatasi kabla haijaenda ofisini. Mkufunzi akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akamshikia.

Alianza kumwamini. Hata hivyo akapiga picha mara tatu, kwa sababu buti zile bado zilikuwa safi mno.