Vitabu Visivyo na Nuhu

Verlin Stroud alichimba visima vya maji magharibi mwa jimbo la Kansas kwa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo yote alijipatia imani moja tu: kwamba watu wengi hawajui kilicho chini ya nyayo zao, wala hawaoni haya. Shule ya mji wao ilipofungwa kwa kukosa wanafunzi, na ya jirani ikawa mwendo wa saa nzima kwa basi, binti yake Corinne, ambaye ni muuguzi, aliamua wanawe wawili, Josie na Nell, wasomee nyumbani kwa babu yao. Kutafuta vitabu akamwachia mzee. Sharti lilikuwa moja, visiwe vya dini. Dini wataichagua wenyewe wakikua.

Basi Jumamosi moja ya Aprili Verlin alimpakia Josie, mwenye miaka kumi na mmoja, kwenye pikapu yake, wakaenda mjini Wichita kwenye maonyesho ya vitabu vya wanaosomesha watoto nyumbani. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama ghala la ngano, na meza zilipangwa mpaka macho yanachoka.

Kwenye meza ya kwanza, kitabu cha sayansi kilisema miamba yote ya dunia ilitandazwa na gharika ya Nuhu ndani ya mwaka mmoja. Cha pili kilisema hayo hayo kwa picha nzuri zaidi. Kwenye cha tatu, cha hesabu, watoto walijumlisha wanyama wa safina, wawili wawili. Verlin akasonya. Keekee yake ya kuchimbia visima ilikuwa imetoboa mwamba wa chaki uliojaa meno ya papa, tabaka juu ya tabaka, mamia ya futi, na hawa walitaka kumwambia ni kazi ya mwaka mmoja.

Meza ya sita ilikuwa ya msichana aitwaye Brenna, mchangamfu kupita kiasi, aliyeapa kwamba kitabu chake hakiegemei upande wowote. Verlin akakipekua.

"Umri wa dunia uko ukurasa gani?"

"Hapo tumeacha wazi, mzee wangu, kila familia ijazie yake."

"Na jedwali la kuzidisha je? Nalo kila familia ijazie yake?"

Tabasamu la Brenna halikuondoka, ila masikio yalimwiva kwa aibu. Josie akatazama viatu vyake.

Mwishoni mwa ukumbi kulikuwa na bango kubwa lililotangaza sayansi tupu, bila dini, na Verlin nusura atabasamu. Mwenye meza, bwana wa ndevu zilizochongwa vizuri, alimpa tableti. Mtoto anabonyeza, anapata nyota, anabonyeza tena. Somo la maji lilionyesha mito ya buluu ikitiririka chini ya ardhi ya Kansas. Verlin akamweleza kwamba huko chini hakuna mto, maji yamekaa katikati ya mchanga na kokoto. Yule bwana akajibu kwamba somo limepitishwa na wataalamu, na watoto wanalipenda.

"Wale kule walau uongo wao ni wa kale," alisema Verlin. "Wako ni wa mwaka jana." Kisha akamuuliza kama aliyeandika somo lile amewahi kuchimba hata shimo la kupanda kitunguu.

Alipogeuka, Josie hayupo. Alimkuta pembeni, amekaa sakafuni kati ya maboksi ya vitabu vikuukuu vya shule. Nyuma ya maboksi alikuwa Adela Hatch, mwalimu mstaafu, msalaba kifuani. Verlin alimtazama juu chini.

"Na wewe Nuhu wako yuko boksi lipi?"

"Nuhu nimemwacha kanisani, ndiko anakokaa," alisema mama yule bila kupandisha sauti. "Hii ni sayansi ya darasa la sita. Soma kwanza, kisha nitukane."

Verlin akasoma. Mchanga, kokoto, maji katikati yake. Umri wa miamba, sawasawa. Akatafuta kosa kwa bidii, akalikosa, na hilo likamuudhi. Wakati huo Bibi Hatch alikuwa anamuuliza Josie babu amemfundisha nini tangu shule ifungwe.

Josie akafikiri kwa uaminifu. "Kwamba watu ni wajinga."

"Na kingine?"

"Bado hatujafika kwingine."

Verlin alikuwa na dhihaka za kutosha ukumbi mzima, lakini jibu hilo lilimchoma, akakifunga kitabu. Mama yule hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi. Alimkabidhi Josie vitabu, kisha akamwambia Verlin kwamba kitabu peke yake hakitoshi. Awalete watoto kwake kila Jumanne, katika mji wa Great Bend.

Aliwapeleka, akinung'unika njia nzima. Bibi Hatch aliwafundisha hesabu na kuandika, Verlin akawafundisha habari za miamba mezani kwa mama huyo. Wichita hakurudi tena, na mpaka leo akiitaja anabeua mdomo.

Mwezi wa Oktoba Josie alimpa hesabu ya sehemu aikague. Verlin aliitazama kwa muda mrefu, maana sehemu hazikuwahi kumwingia tangu utoto. Akainua macho, akasubiri kuona kwenye uso wa mjukuu wake dharau ile ile ambayo watu wa Wichita waliiona kwenye uso wake yeye.

"Ni rahisi, Babu," alisema Josie, akamvutia kiti. "Tuanze hapa juu."

Hakuiona. Akajua kwamba hilo Josie hakujifunza kwake, bali kwa Bibi Hatch. Akakaa.