Sanamu Sita Zilizokwenda kwa Miguu

Jumatatu ya sikukuu ya wafanyakazi, ambayo huku Indiana huangukia mwanzoni mwa Septemba, Verlin Haskamp alikuwa kando ya trela lake akigeuza soseji kwenye jiko la mkaa, spika za uwanja zilipotangaza kwamba pointi zimesawazishwa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Verlin alitukana tusi moja, la wastani, akaendelea kugeuza.

Dada yake mdogo, Bobbie, alikuwa dereva. Katika mbio zetu magari mawili hupangwa sambamba na kuachiliwa kwenye mstari mnyoofu wa futi elfu moja, na yote huisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Anayeshindwa anafungasha vyombo, anayeshinda anasonga mbele na kuandikiwa pointi. Tangu Februari Bobbie alikuwa ameshinda mashindano saba. Alikuwa na pointi elfu moja mia nne na thelathini. Wa kumi, kijana wa Texas aitwaye Tanner Rusk, alikuwa na mia sita na kumi na moja na hakuwa ameshinda hata moja. Baada ya tangazo lile pengo kati yao lilikuwa pointi tisini. Kanuni ndivyo ilivyo: kabla ya mashindano sita ya mwisho, kumi bora husogezwa karibu karibu ili mchujo uwe na msisimko.

"Sasa ndiyo mbio!" alisema Dewey Prater, akafungua kopo la bia. Dewey ndiye aliyemwoa Jolene, dada yao mwingine, na kwa miaka ishirini na minne shemeji hawa wawili walikuwa wakipiga kambi mahali palepale kwenye uzio wa uwanja huu wa Tansey, wakibishana.

"Sasa ndiyo wizi," alisema Verlin.

"Wizi gani? Bobbie bado wa kwanza."

"Shemeji, mtu akivuna gunia mia mwezi wa saba, wewe unakuja mwezi wa tisa unamwachia kumi, ili soko lichangamke?"

"Mahindi hayauzi tiketi," alisema Dewey. "Umesahau ule mwaka bingwa alijulikana Agosti? Oktoba tulikuwa watu arobaini jukwaani, na kumi walikuwa wauza pizza. Hata kwenye mpira wa vikapu timu bora inaweza kutolewa kwenye mchujo."

"Ndiyo maana mimi siangalii vikapu."

"Sema polepole, shemeji. Hapa Indiana utafukuzwa jimboni."

Watu wa kambi za jirani walikuwa wameshasogea na viti vyao vya kukunja, kwa sababu ubishi wa Verlin na Dewey ulikuwa sehemu ya sikukuu. Saa kumi na mbili, ubishi ukiwa haujaisha, sanamu zikatokea barabarani.

Kila mshindi hupewa sanamu ya shaba ya fundi mwenye kipara aliyeshika spana, kimo chake mpaka gotini. Saba za Bobbie zilikaa rafuni jikoni kwake, maili mbili kutoka uwanjani. Saa kumi na moja na dakika kumi, sita kati ya hizo zilishuka, zikapita mlango wa nyuma ambao haukuwa umefungwa, zikashika barabara ya kaunti. Zilitembea kwa mstari, upande wa kushoto, zikiyatazama magari yanayokuja, kama inavyotakiwa. Zilikuwa zinakwenda kwa wale sita wa chini katika orodha ya kumi bora, moja moja. Ya saba ilibaki rafuni, kwa kuwa Bobbie alikuwa bado wa kwanza.

"Zinakwenda kwa adabu," alisema mwanamke wa kambi ya jirani.

"Ile ya mbele itakuwa ya Texas," alisema mwingine. "Ina safari."

Verlin aliweka koleo lake chini, akavuka mtaro, akaibeba ile ya mbele. Ilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Miguu yake iliendelea kutembea hewani. Akaigeuza ielekee nyumbani na kuiweka chini, nayo ikageuka, ikampita kando ya kiatu, ikaendelea na njia yake. Alifanya hivyo mara tatu, mpaka polisi wa kaunti akashusha kioo cha gari na kumwomba asizuie barabara.

"Hizi ni za dada yangu," alisema Verlin.

"Najua, Verlin. Mimi mwenyewe nilikuwa jukwaani," alisema polisi, akawasha taa zake na kuzisindikiza sanamu hadi njia panda.

Verlin alirudi kwenye jiko lake la mkaa. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani, kwa hiyo akaielekeza kwa Dewey, na soseji zikaungua.

Jambo ambalo watu wa kambini hawakulijua ni habari ya macho. Katika kila mbio gari la Bobbie lilifika maili mia tatu na thelathini kwa saa, kisha parachuti mbili zikafunguka nyuma na kulikamata. Mwili hubaki kwenye mikanda, lakini macho hayana mkanda. Baada ya miaka ishirini na sita ya kukamatwa hivyo, utando wa nyuma ya macho yake ulikuwa umeanza kubanduka. Daktari alimwonyesha picha, akamwambia kila parachuti ni bahati nasibu. Huu ulikuwa msimu wake wa mwisho, na hakuwahi kuwa bingwa. Alichotaka ni kitu kimoja: namba moja ubavuni mwa gari, ile ambayo bingwa peke yake huruhusiwa kuipaka.

Kwa hesabu ya zamani angeweza kuruka mashindano mawili ya Septemba, akapumzisha macho, na bado pointi zingembeba. Kwa hesabu mpya ilibidi akimbie yote sita.

Sanamu ya Texas ilitembea siku kumi na sita, usiku na mchana, kwa mwendo wa mzee anayekwenda kanisani. Watu waliipisha. Kule Arkansas mwanamke mmoja mwenye hoteli ndogo aliing'arisha kwa kiwi na kuiacha iende. Tanner Rusk aliikuta asubuhi mlangoni kwake, akaiweka sebuleni, akapiga nayo picha. Hakuwa kijana mbaya. Aliandika chini ya picha kwamba anashukuru.

Moja tu haikufika. Ilikuwa ile ambayo Bobbie aliishinda Kansas mwezi wa Juni, akaiangusha ngazini kwa kuwa hakukiona kipandio cha mwisho, na tangu hapo mguu mmoja wa sanamu ulikuwa umepinda. Ilichechemea hadi kona ya shamba la soya ikaanguka mtaroni, na huko ikawa inapiga mateke polepole. Siku ya tatu simu ikaja kutoka ofisi ya mashindano. Sauti ya mwanamke mpole ilimkumbusha Bobbie kwamba sanamu iliyoshindwa kutembea ni jukumu la aliyekuwa nayo, na inatakiwa kwa dereva wa Ohio kabla ya Ijumaa.

"Nitaipeleka mimi," alisema Dewey. "Nina nafasi, na gari lina mafuta."

"Shemeji, sikuombi," alisema Bobbie.

"Mfumo ninaoutetea siwezi kuukimbia ukichechemea."

Aliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, akaendesha kwa muda wa saa nne. Njiani sanamu ilipiga mateke mpaka ikatoboa kisanduku cha vikaratasi chini ya dashibodi. Dewey aliporudi alikaa kimya chakula chote cha jioni, na Verlin akafikiri kwamba labda, baada ya miaka ishirini na minne, ameshinda ubishi mmoja. Lakini kwenye kahawa Dewey alisema kwamba yule bwana wa Ohio alilia alipoipokea, na kwamba mtu mwenye moyo hawezi kuuchukia mfumo unaomliza mtu kwa furaha.

"Mtu mwenye moyo," alisema Verlin, akaondoka mezani.

Verlin alianza kuandika hesabu ya zamani kwa chaki kwenye mlango wa trela lake, kila Jumapili, pengo lote likiwa limebaki kama lilivyokuwa. Watu walipita kuisoma. Wengine walipiga picha, wengine walitikisa kichwa. Dewey aliiita hesabu ya marehemu. Kwa hesabu hiyo Bobbie aliupata ubingwa Jumapili ya tarehe tano Oktoba, saa nane mchana, mashindano mawili kabla ya mwisho. Verlin alimpigia simu kumpa hongera.

"Asante, kaka," alisema Bobbie. "Sasa nikate simu, nina mbio ya nusu fainali."

Katika mashindano ya tano, Nevada, parachuti zilifunguka kwa kishindo cha kawaida na pazia jeusi likashuka katika jicho lake la kulia. Bobbie alizima injini, akashuka, akalizunguka gari huku ameshika bodi kwa mkono, na mashabiki wakadhani analishukuru kama farasi wake. Jioni alimpigia Verlin.

"Basi acha," alisema Verlin.

"Niache nikiwa pointi saba mbele?"

"Bobbie, ulishakuwa bingwa. Imeandikwa mlangoni kwangu."

"Kwa chaki, kaka," alisema Bobbie.

Aliyekuwa nyuma yake kwa pointi saba alikuwa Tanner Rusk. Tangu mchujo uanze alikuwa ameshinda mara mbili, na kwa hesabu ya zamani alikuwa wa sita.

Mashindano ya mwisho yalikuwa California. Shemeji wawili walikwenda pamoja kwa gari la Dewey, siku tatu, na ubishi wao uliishiwa maneno huko New Mexico, wakabaki na redio. Jukwaa lilikuwa limejaa. Hilo lazima lisemwe: kwa miaka mingi halikuwa limejaa vile, hadi watu walikaa ngazini, na magari yaliposogea kwenye mstari wa kuanzia walisimama wote. Bobbie aliwatoa wapinzani watatu. Tanner aliwatoa watatu. Wakakutana fainali, na atakayeshinda ndiye bingwa.

Aliye na muda mzuri zaidi katika raundi iliyotangulia ndiye huchagua njia. Tanner alikuwa na muda mzuri kwa sehemu ya mia ya sekunde, akachagua ya kulia, kwa sababu lami yake ilikuwa inashika vizuri. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Taa za kuanzia husimama kwenye mlingoti katikati ya njia mbili. Aliye kulia huziona upande wake wa kushoto, na aliye kushoto huziona upande wake wa kulia.

Bobbie alilipeleka gari lake kwenye njia ya kushoto. Aligeuza kichwa chote ndani ya kofia ngumu, kadiri mikanda ilivyomruhusu, ili jicho la kushoto lifike. Ilichukua muda mdogo mno, lakini Tanner alikuwa ameshaondoka. Gari lake ndilo lililokwenda kasi zaidi siku ile, kasi kuliko yote ya msimu, na lilifika mwisho likiwa nyuma kwa inchi kumi na nne.

Watu elfu thelathini walipiga kelele kwa pamoja. Dewey alikuwa anaruka, machozi yanamtoka, amemkumbatia mtu asiyemjua.

"Si nilikwambia?" alimpigia kelele Verlin. "Umewahi kuona kitu kama hiki? Sema ukweli, umewahi?"

Verlin alikuwa hajawahi. Alimchukia Dewey kwa hilo kuliko kwa jingine lolote, akatelemka ngazi kwenda kumtafuta dada yake.

Alimkuta ameketi kwenye tairi la akiba. Parachuti za fainali zilikuwa zimeulegeza utando wa jicho la kushoto pia, na jicho hilo lilizimika kabisa wakati wa baridi, kabla ya Krismasi. Sanamu ya saba ilikuwa imeondoka nyumbani Jumapili ileile. Jirani aliiona ikipita na kuifungulia geti.

Mwezi wa pili ofisi ilitangaza kwamba watazamaji wameongezeka kwa theluthi moja, na kwamba mwaka huu pengo la tisini litapunguzwa liwe hamsini. Wengi walipongeza. Kaunti yetu ilisimamisha kibao kwenye njia panda kinachowaambia madereva wapunguze mwendo Septemba, sanamu zinapita, na kwa kuwa bajeti iliruhusu, wakachora kipande cha njia cha upana wa futi mbili kando ya lami. Gari la Tanner Rusk linapendeza na namba yake. Verlin alisema hatakanyaga tena Tansey, na sikukuu ilipofika alikuwa wa kwanza getini, kwa sababu Bobbie alitaka kwenda na hakukuwa na mwingine wa kumshika mkono.

Walimwekea kiti kwenye uzio, katikati ya kaka yake na shemeji yake. Bobbie aliyasikia magari yakichoma tairi, akainusa harufu ya mafuta ya naitro, akataja makosa ya injini moja kabla mafundi wa gari hilo hawajayajua. Fainali ilipoanza alishika waya wa uzio kwa mikono yote miwili. Ardhi ikatikisika, ikatulia, na jukwaa likalipuka.

"Nani?" aliuliza. "Kushoto au kulia?"

Verlin aliinuka kutazama ubao wa matokeo.

"Pua kwa pua, shemeji!" alisema Dewey, sauti imemkauka kwa furaha. "Ungeiona! Yaani ungeiona tu!"

"Basi nisimulie," alisema Bobbie, na Dewey, ambaye siku zote alipenda kuombwa, akasogeza kiti chake na kumsimulia.