Kabla Ngano Haijamiminwa

...kwa sababu nafuu ilianza Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, hilo Fabiola hana shaka nalo, aliliandika kwenye daftari, vidole vyake vilifunga vifungo vyote sita vya sweta bila kumwita mama, siku ya kumi na tisa tangu aache chapati, maandazi na mkate, daktari wa hospitali ya Haydom alimwambia acha ngano tuone, na siku ile alisimama mlangoni akikunja ngumi na kukunjua kama mtoto anayegundua kuwa ana mikono, lakini sasa ni Julai, ngano imevunwa, sahani ya chapati za ngano mpya inazunguka jikoni, na tangu jana vifundo vya vidole vimekaza tena, hajamwambia mtu, hajagusa ngano na bado vimekaza, basi labda haikuwa ngano kamwe, labda ni baridi ya hapa Basotu, labda ni wasiwasi wake tu, mgonjwa mmoja, daftari moja, hakuna mtafiti ambaye angekubali ushahidi wa namna hiyo, na kwa ushahidi huo amewasumbua watu wa nyumba hii miezi miwili na... "Fabiola, sahani inakungoja," anasema shangazi Philomena, "au chuoni mlifundishwa kuogopa chapati?" wanacheka, baba naye anacheka, ila anacheka akiangalia moto, na hicho ndicho kinachomchoma, baba ambaye shamba lake la ngano ndilo lililomsomesha, ambaye kila mavuno humega chapati ya kwanza akampa yeye, mtoto wake wa kwanza, tangu akiwa hana meno, na mwaka huu ameshaimega, anayo mkononi, hajui aiweke wapi, basi si aipokee tu, maumivu yakija yatakuwa yamekuja mara ya pili, atapungukiwa nini, ananyoosha mkono, kipande kina joto, kinanukia mafuta na utoto... "Vidole vimekuwaje hivyo?" ni mama, "Baridi tu, mama," "Baridi ya Juni ilikuwa kali kuliko hii na ulikuwa unafua blanketi," mama ameshageukia sufuria ya ugali, anaitazama kama mtu anayemkagua mgeni, "Baba Fabiola, juzi nilipokuwa msibani Tumati, mahindi ulisaga saa ngapi?" "Mchana, nilimkuta mzee Yohanes anasaga ngano yake, nikasubiri amalize, nikamimina," "Ukamimina juu ya ngano!" "Mashine si ni ile ile?" "Ndiyo, ni ile ile! Unafikiri naamka saa kumi na moja kuwahi foleni kwa sababu nampenda mwenye mashine?" "Mimi ndivyo nilivyodhani, wifi," anasema shangazi, anacheka hadi anakohoa, na Fabiola kipande bado kiko mkononi mwake, hakijafika mdomoni, saa kumi na moja, kumbe zile alfajiri alizosikia mlango ukifunguliwa akajigeuza kitandani, akidhani mama anawahi Misa, ilikuwa ni ndoo ya mahindi, ilikuwa ni kusaga wa kwanza, kabla mashine haijaonja ngano ya mtu, miezi miwili, wala hakusema, na yeye alihesabu kila kitu, siku, vifungo, ngazi za kanisa, isipokuwa mama, vidole bado vinauma, vinauma vilevile, lakini sasa vinauma kwa sababu, na maumivu yenye sababu yanaondoka, anajua yanavyoondoka, yaliwahi kuondoka, anamrudishia baba kipande, "Nisamehe, baba, sitakula," na baba anakipokea, anakitia mdomoni mwake, anatafuna polepole akimwangalia yeye, si moto, "Basi mwaka huu nakula kwa niaba yako," anasema, "na huo ugali wapeni kuku"...

Kesho yake mama alipoamka hakuikuta ndoo ya mahindi. Fabiola alikuwa mashineni, wa kwanza kwenye foleni, na mzee Yohanes alipofika na ngano yake akaomba apishwe, maana ana safari, Fabiola alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akamwambia hapana, leo mahindi yanatangulia, akamweleza na sababu.